Ningoje SUV mpya au ninunue sasa? Nina Wish, watoto watatu na murram ya Chavakali

MwalimuWaLanet (Nakuru), Ijumaa usiku

Hamjambo wadau. Nimesoma humu kimyakimya kwa miaka, leo yamenifika shingoni nikaona nifungue uzi.

Mimi ni mwalimu, nakaa Lanet. Mke wangu ni muuguzi. Watoto ni watatu: wa Gredi ya 8, wa Gredi ya 4, na kitinda mimba wa chekechea. Gari letu ni Toyota Wish ya 2008, tulilinunua kwa mtu mwaka 2016. Limetutumikia vizuri, siwezi kulisema vibaya. Ila ushago ni Chavakali, na hapo ndipo mambo yanapoharibika.

Kutoka lami hadi bomani kwetu ni kilomita mbili za murram, na katikati kuna kona yenye mwamba uliochomoza kama goti. Tukiwa wawili tunapita. Krismasi tulikuwa sita, maana mama alikuwa kwetu kwa kliniki na tulikuwa tunamrudisha, tena na gunia la viazi na mtungi wa gesi. Kufika kwenye kona nikasikia krrrrr, kisha gari likaanza kunguruma kama trekta. Ekzosi imechomoka kwenye mpira wake. Mama hakungoja kuambiwa. Alishuka, akavua viatu, akatembea mbele yetu kama anayeswaga ng'ombe, watoto wa jirani nyuma yake wakicheka. Niliifunga ekzosi kwa waya wa seng'enge nikarudi nayo hivyo hadi Nakuru.

Sasa nina akiba ya milioni 1.1, na Sacco itanipa 1.3 nikipata wadhamini. Jumla 2.4. Nataka SUV ndogo ya familia. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ananiambia ningoje. Shemeji wa Kisumu anasema Mazda walishaonyesha CX-5 mpya Julai 2025, kwa hivyo ya sasa itaporomoka bei, nikae mkao wa kula. Mwenzangu shuleni anasema ningoje Land Cruiser FJ. Mwingine ananitajia RAV4 mpya iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2025. Mke wangu anasema amechoka kungojea gari ambalo halina hata tarehe.

Mngekuwa mimi mngefanyaje?

Kijana_wa_Milimani (Nakuru), Ijumaa usiku

Mwalimu, FJ! Usifikirie mara mbili. Toyota walilionyesha Oktoba 2025, kimo cha mita 1.96, fremu ya kweli, si haya magari ya kubandikwa plastiki pembeni yajiite SUV. Mwamba wako wa Chavakali litaupanda likipiga mluzi. Mimi nalingoja.

Nyakwar_Kondele (Kisumu), Ijumaa usiku

Kijana, unalingoja na pesa au unalingoja na picha kwenye simu?

Injini yake ni ya petroli 2.7, ileile tunayoijua kwenye Prado na Hiace. Ni ngumu, haifi. Lakini inakunywa. Mwalimu ataliendesha Nakuru hadi Chavakali mara moja, halafu aliegeshe nyumbani kama ng'ombe wa mahari, la kutazamwa na wageni.

Na tena, likija litakuja jipya. Gari jipya la dukani lenye jina la Land Cruiser kwa mshahara wa mwalimu? Tuheshimiane.

Mzee_wa_Molo, Jumamosi asubuhi

Sisi tulibeba viazi kwa Peugeot 504 kutoka Molo hadi Kisumu, mvua ya Aprili, na hatukuwa na SUV wala nini. Nyinyi mnaharibu barabara kwa mdomo. Huyu mwalimu angemlipa kijana mwenye nyundo siku mbili akauvunja huo mwamba.

MwalimuWaLanet, Jumamosi asubuhi

Mzee, shikamoo. Huo mwamba uko mpakani mwa mashamba mawili na wenye mashamba hawaongei tangu mwaka 2009. Afadhali kununua gari.

Wakala_wa_Mombasa, Jumamosi mchana

Mwalimu, mimi kazi yangu ni kutoa magari bandarini. Wacha nikueleze jambo moja ambalo shemeji yako halijui, na si yeye peke yake.

Kuna kungoja kwa aina mbili. Kuna kungojea gari lizaliwe, na kuna kungojea gari lizeeke. Mkenya wa mfuko wa kawaida hafaidiki na lile la kwanza. Anafaidika na hili la pili, akilipigia hesabu vizuri.

KEBS, shirika letu la viwango, hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Kuanzia Januari 2026, linaloingia ni lile lililosajiliwa mara ya kwanza 2019 kuja mbele. Mwaka ujao itakuwa 2020. Sasa chukua hiyo CX-5 mpya. Itakayosajiliwa Japani mwaka huu itafika kwenye bei yake ya chini kabisa hapa kwetu itakapokuwa kwenye ukingo wa hiyo miaka, yaani 2033. Huyo wako wa Gredi ya 4 atakuwa Gredi ya 11. Atakuwa anakuomba funguo.

RAV4 ya Desemba nayo ni 2032. Hesabu ni ileile.

MwalimuWaLanet, Jumamosi mchana

Wakala, hapo umenifungua macho. Lakini shemeji hasemi ninunue mpya. Anasema mpya ikitoka, ya zamani inashuka. Nunua ya 2019 baada ya kushuka. Hilo nalo ni kosa?

Wakala_wa_Mombasa, Jumamosi jioni

Ni nusu kweli. Japani itashuka kidogo mnadani, sawa. Lakini bei unayolipa Mombasa ina miguu miwili. Mguu mmoja ni bei ya Japani na nauli ya meli. Mguu wa pili ni kodi, na kodi haiangalii risiti yako. KRA, watoza kodi wetu, wana orodha yao ya bei ya magari yakiwa mapya, inaitwa CRSP. Wanachukua bei hiyo, wanaondoa uchakavu kulingana na umri wa gari, wanatoa na kodi zilizomo ndani yake, wanapata thamani ya forodha. Ukilipata kwa bei ya kutupwa huko mnadani, kodi ni ileile.

Tuseme thamani ya forodha imetoka milioni moja kamili. Ushuru wa kuingiza ni 35%, hiyo ni 350,000. Injini isiyozidi 1500cc inalipa ushuru wa bidhaa 20%, na hiyo 20% inapigwa juu ya milioni moja pamoja na ule ushuru wa kwanza, kwa hivyo ni 270,000. Halafu VAT 16% inapigwa juu ya vyote hivyo, 259,200. Ongeza ada ya IDF, ile ya tamko la kuingiza bidhaa, 2.5% na tozo ya reli 2%, ni 45,000. Jumla ya kodi ni 924,200.

Gari hilohilo likiwa na injini ya zaidi ya 1500cc, ushuru wa bidhaa ni 25%, na kodi inafika 1,002,500. Tofauti ni 78,300 kwa kila milioni. Hiyo ni karo.

Kwa hivyo shemeji akingojea mnada ushuke kwa elfu themanini na wewe ukachagua injini kubwa, mmebaki palepale. Kinachoshusha kodi ni umri. Gari likiongeza mwaka, uchakavu unaongezeka, thamani inashuka. Na dola. Mwanzoni mwa 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160, kufikia mwisho wa mwaka imerudi kama 129. Walioagiza Januari na walioagiza Oktoba walinunua gari moja kwa bei mbili.

Nyakwar_Kondele, Jumamosi jioni

Wakala umetoa somo kumshinda mwalimu mwenyewe. Peni chini.

Fundi_Shabab (Nakuru), Jumamosi usiku

Nimetoka chini ya gari sasa hivi, samahani nimechelewa.

Mwalimu, kwa 2.4 utasukumwa kwenye Toyota Raize, ile SUV ndogo, najua. Yadi zote zinaisukuma. Si gari baya. Ilitoka Japani Novemba 2019, injini ya silinda tatu, 996cc, turbo. Watu wanaicheka hiyo elfu moja lakini wacha nikwambie habari ya milima. Injini isiyo na turbo inapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kwa kila mita elfu unazopanda. Kisumu iko kama mita 1,130. Mau Summit unapita mita 2,400. Pale juu injini ya kawaida imebaki na robo tatu ya nguvu zake, ndiyo maana Wish yako inalia ukitoka Salgaa na wewe unafikiri ni mafuta mabaya. Turbo inasukuma hewa ndani, haihisi sana hiyo milima. Raize hapo inampita mtu na gari la 1.8.

Ubaya wake ni oili. Turbo ndogo inazunguka kwa kasi ya ajabu na inategemea oili safi. Wateja wananiletea gari limefika kilomita 12,000 bila kumwaga, oili imekuwa kama molasi ya Mumias. Kwa barabara zetu mwaga kila 5,000.

Ukiambiwa dizeli kwa sababu ya mafuta kidogo, jiulize safari zako. Lanet hadi shule, shule hadi soko, hizo ni fupi. Dizeli ya kisasa ina chujio la masizi kwenye ekzosi, na lile chujio linajisafisha lenyewe likipata joto la safari ndefu. Safari fupi tupu, linaziba. Wewe ni mtu wa safari fupi siku mia tatu na safari ndefu mara nne kwa mwaka. Petroli.

Lakini nina swali. Hiyo Wish, shokabu na springi za nyuma ulibadilisha lini?

MwalimuWaLanet, Jumamosi usiku

Fundi... tangu ninunue sijawahi.

Fundi_Shabab, Jumamosi usiku

Miaka kumi! Mwalimu!

Mzee_wa_Molo, Jumapili asubuhi

Nilisema mimi.

Nyakwar_Kondele, Jumapili asubuhi

Mzee, ulisema nyundo.

MamaWatatu_Kakamega, Jumapili mchana

Mulembe nyote. Nimesoma uzi wote tangu juu, wanaume kumi mnaongea mota, silinda, dola, CRSP. Hakuna hata mmoja aliyehesabu watu.

Mwalimu kasema walikuwa sita. Baba, mama, watoto watatu, nyanya. Wish ina viti saba. Raize ni vitano. Yaris Cross ni vitano. CX-5, ya zamani na mpya, vitano. Hata hiyo FJ mliyopigania ni vitano. Nyanya mtamweka wapi, kwenye kariya?

Na hata hao watatu. Raize ina upana wa milimita 1,695. Mimi nina watoto watatu kama wewe. Weka viti viwili vya watoto kule nyuma uone yule wa katikati anakaaje. Atakaa na nyonga moja hadi Chavakali, na mtasimama Awasi, na Ahero, na Kiboswa, kwa sababu ya kelele.

Ushauri wangu: usiende yadi na pochi. Nenda na watoto.

Kijana_wa_Milimani, Jumapili mchana

🤐

MwalimuWaLanet, Jumapili jioni

Mama, nimesoma ujumbe wako mara tatu, nikampa mke wangu simu asome. Alicheka hadi akakaa chini. Kwa kweli sikuwahi kuhesabu. Nilikuwa najiambia "SUV ni kubwa", basi.

Sista_wa_Wodi (Nakuru), Jumapili usiku

Mimi ndiye huyo mke. Nimefungua akaunti kwa sababu ya uzi huu.

Baba Neema hajawaambia kwamba tunangoja tangu 2022. Kwanza tulingoja shilingi itulie. Kisha tukangoja uchaguzi upite. Mwaka 2024 tukangoja kujua kama ile kodi ya magari ya 2.5% itapita kwenye Mswada wa Fedha, haikupita, mswada wenyewe ukaondolewa, na sisi hatukununua. Sasa tunangojea CX-5. Mimi sina neno na kungoja. Nina neno na kungoja ambako kila kukiisha kunazaa kungine.

Mama Watatu, asante. Kesho kutwa nina ofu. Tunaenda yadi na watoto wote watatu na utepe wa fundi cherehani.

Nyakwar_Kondele, Jumapili usiku

Sista karibu sana. Mwalimu, pole.

MwalimuWaLanet, Jumanne usiku

Ripoti, kama nilivyoamrishwa.

Tulipitia yadi mbili hapa mjini. Ya kwanza tulikalia Raize. Mbele ni raha, unakaa juu, unaona mbali, na kutoka ardhini imeinuka milimita 185, ni nzuri. Nyuma, wa Gredi ya 8 upande mmoja, wa Gredi ya 4 upande mwingine, mdogo katikati. Mdogo akasema, "Baba, mabega yangu yamekwisha." Buti ilimeza mkoba mmoja mkubwa na kigari cha kuchezea. Nikafikiria gunia la viazi, nikafunga buti polepole.

Corolla Cross nayo ilikuwepo, ya 2021, mwaka iliotoka Japani. Kubwa zaidi, tulivu, mke wangu aliipenda. Kwanza bei, hatukuendelea kuongea. Pili nilichutama nikaangalia chini. Ile ya Japani ina milimita 160 tu. Inaonekana ndefu kwa sababu ya bodi, lakini tumbo liko chini. Mwamba wangu ungeisalimia.

Yadi ya pili kijana wa mauzo alitufuata na maneno matamu, gari lina gredi nne na nusu, halijaguswa. Mke wangu akaomba karatasi ya mnada. Ikaja. Kwenye kisanduku cha gredi pameandikwa R. Nilikuwa nishasoma humu kwamba R ni gari lililopata ajali likatengenezwa. Kijana akasema R ni "ripoti". Tukamshukuru, tukaondoka.

Turudi mezani. Viti saba, au angalau viti vya kweli vya watu sita. Kutoka ardhini milimita 180 na zaidi. Isinywe. Kuna kitu kama hicho?

Wakala_wa_Mombasa, Jumanne usiku

Sasa umeuliza swali lenye jibu.

Nissan X-Trail ya kizazi cha T32 kuna zile zenye safu tatu za viti, na Mitsubishi Outlander pia. Zote ni injini za 2.0 na kuendelea, ziko upande wa 25%. Zinapatikana na spea zake zimejaa hapa.

Lakini kuna moja watu wanaipita. Honda CR-V iliyotoka Japani Agosti 2018 na kuuzwa kule hadi 2022. Ya petroli ina injini ya 1.5 turbo, 1496cc. Umeona hiyo namba? Iko chini ya 1500. Kodi ni ya 20% kama Raize, ila gari ni la ukubwa wa RAV4. Na toleo hilo la petroli liliuzwa pia na safu tatu, viti saba. Kutoka ardhini ni milimita 200 ya tairi mbili, 210 ya nne.

Kwa 2.4 leo huipati, nisikudanganye. Lakini hapa ndipo lile neno langu la kungojea gari lizeeke linapoingia. Ya 2020 mwaka ujao itakuwa ndiyo ya zamani kuliko zote zinazoruhusiwa, uchakavu umefika juu. Wewe nawe utakuwa umeongeza akiba ya mwaka mzima na mkopo wako wa Sacco umebaki uleule. Agiza mapema mwakani, usiagize Novemba. Kila Desemba nawaona watu bandarini wanalia, gari la mwaka unaoisha liko baharini na tarehe 31 inakaribia. Likifika baada ya hapo halishuki.

Kitu kingine: KEBS wanaangalia tarehe ya kusajiliwa mara ya kwanza, si ya kutengenezwa. Soma cheti cha Japani, usisome tangazo.

Fundi_Shabab, Jumatano asubuhi

Naiunga mkono CR-V, kwa sharti. Hiyo injini inamwaga petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Safari fupi na injini baridi, petroli kidogo inateremka kwenye oili na kuifanya nyepesi. Ilisumbua kwenye nchi za baridi kali. Nakuru si Siberia, lakini asubuhi za Julai nyinyi mnazijua. Ukiona oili imepanda juu ya alama badala ya kushuka, usifurahi. Mwaga. Na mara moja kwa wiki liendeshe hadi Gilgil na kurudi lipate moto.

Safu ya tatu ni ya watoto, msimkalishe mama mzazi huko. Atakulaani kwa Kimaragoli.

Mzee_wa_Molo, Jumatano asubuhi

Elfu moja na mia tano kuvuta watu saba na viazi. Turbo. Siku ikikata turbo hapo Londiani mtanikumbuka. Mwalimu nunua X-Trail, injini inayojipumulia yenyewe, lala usingizi.

Nyakwar_Kondele, Jumatano mchana

Mzee, hata malori mengi yanayobeba viazi vyako ni turbo.

Mzee_wa_Molo, Jumatano mchana

Lori halina skrini.

MamaWatatu_Kakamega, Jumatano jioni

Hapo kwa skrini niko na Mzee. Nimeona picha za ndani za hiyo CX-5 mpya, kila kitu ni skrini, hata vitufe vya upepo vimeondolewa. Mtoto akitapika nyuma unataka kushusha hewa kwa kidole bila kuangalia, hutaki kutafuta menyu. CR-V ya miaka hiyo bado ina vitufe. Mwalimu, mimi nakubaliana na Wakala. Ila huo mwaka mmoja utasafiri na nini?

Fundi_Shabab, Jumatano jioni

Atasafiri na Wish. Mlete Jumamosi, Mwalimu. Njoo na gari tupu, na usinunue spea njiani.

MwalimuWaLanet, Jumamosi usiku

Nimetoka kwa Fundi. Aliinua gari nyuma, akaning'oa shokabu moja, akanipa mkononi niisukume. Ilizama kama pampu ya baiskeli iliyotoboka na haikurudi. Springi za nyuma zilikuwa zimelala. Aliniwekea mpya zile nene kidogo, shokabu nne, bushi, na mipira ya ekzosi. Kabla ya kuanza alipima kwa fito kutoka ardhini hadi kwenye tao la tairi la nyuma, akaweka alama kwa chaki. Baada ya kazi, gari limepanda vidole viwili juu ya ile chaki. Vidole viwili! Kumbe miaka yote hii nilikuwa naendesha gari lililochuchumaa.

Nimelipa 41,000 kila kitu. Nilikuja humu kutafuta SUV nimeondoka na springi.

Uamuzi wetu, mimi na Sista: Sacco nimewaambia wangoje hadi Januari. Akiba inaendelea, elfu ishirini yake, elfu ishirini yangu kwa mwezi. Mwakani CR-V ya 2020, safu tatu, na tumeiandika kwenye kalenda ya jikoni ili isigeuke tena kitu kingine. Shemeji nimemwambia. Amesema nitajuta CX-5 zikishuka.

Sista_wa_Wodi, Jumamosi usiku

Kalenda nimeandika kwa kalamu, si penseli.

Kijana_wa_Milimani, Jumamosi usiku

Mimi bado nangoja FJ.

Nyakwar_Kondele, Jumamosi usiku

Tunajua.

Nyakwar_Kondele (Kisumu), Jumatatu ya Pasaka

Naamsha uzi. Mwalimu, jana nimeona Wish ya rangi ya fedha imesimama Kiboswa, mtoto anatapika kando ya barabara, mwanamke ameshika chupa ya maji. Ilikuwa wewe?

MwalimuWaLanet, Jumatatu ya Pasaka

Tulikuwa sisi. Ndizi za Ahero.

Lakini sikiliza. Tulikuwa sita tena, mama tulimpitia Kisumu kwa dada yangu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Tulipokaribia ile kona nikapunguza mwendo, nikashika gia ya kwanza, nikasikia mlango wa nyuma unafunguka. Mama ameshavua viatu, ameshika mkoba wake, mguu mmoja uko nje.

Nikamwambia, "Mama, funga mlango, tunapita."

Hakufunga. Aliushikilia wazi hivyo hivyo hadi tulipovuka.

Fundi_Shabab, Jumatatu ya Pasaka

Haikugusa?

MwalimuWaLanet, Jumatatu ya Pasaka

Haikugusa.